Tupeane uzoefu: Waliokwenda piramidi za Teotihuacán na kwa Mama wa Guadalupe kwa siku moja

MtuWaMuheza
Wakuu, leo nimepita shamba la mkonge nikakumbuka Mexico. Kule njiani kwenda piramidini kuna mimea kama mkonge wetu, ila jani moja linamzidi mtu urefu. Ilikuwa 2018, asubuhi tukaanzia kanisani kwa Bikira Maria wa Guadalupe, pale Mexico City, mchana piramidi, kama kilomita 50 kutoka jijini.

Piramidi ya Jua nilipanda kwa mbwembwe zote. Mita 65 hivi, nikafika, nikapiga picha, nikajisifu. Kasheshe ni kushuka. Nikatazama chini, ngazi zimesimama wima, watu kama sisimizi. Miguu ikagoma. Watoto wa shule wananipita wanarukaruka, mimi nimeng'ang'ania kamba. Akaja bibi mmoja wa kule, umri wa mama yangu, lugha hatuelewani, akakaa chini akanionyesha: hivi, ngazi moja moja, kwa makalio. Nikamfuata. Tulipofika chini suruali ya kitambaa ilikuwa imetatuka nyuma, nikarudi hotelini nimefunga sweta kiunoni. Haya, mwageni na nyie.

SistaDuu
Sweta kiunoni 😂😂 nimekufa mimi.

BahariaMstaafu
Usijilaumu. Pale ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, sisi wa pwani kifua kinabana hata kwenye tambarare.

Ngosha
Siku hizi hiyo ya Jua hupandi, walizuia tangu 2020. Ila wale Waazteki walijua kujenga jamani.

FundiSaa
Waazteki hawakujenga. Walikuta mahame, wenyewe walishaondoka karne nyingi nyuma. Wao walitoa jina tu.

Ngosha
Mtembeza watalii wetu alisema Waazteki.

FundiSaa
Ndiye aliyewaweka saa nzima kwenye duka la vinyago vya mawe meusi, halafu piramidi mkapewa dakika 40?

Ngosha
Umejuaje?

BintiKibosho
Mimi piramidi sijaziona mpaka leo, na sababu ni mama.

Nilimpeleka Jumapili, kavaa kitenge chake cha WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), watu wanamwomba picha kama mke wa balozi. Tukaingia kanisa jipya, lile la duara la 1976. Nageuka kununua mshumaa, mama hayupo. Simu yake ninayo mimi. Kihispania hajui hata salamu. Nikakimbia kanisa la zamani, lile lililoinama kwa sababu chini palikuwa ziwa. Hayupo. Nikapanda kilima cha Tepeyac, alikotokewa Juan Diego na Bikira Maria 1531, nateremka nalia. Watu wanatembea kwa magoti uwanjani, nachungulia kila uso. Basi letu likaondoka.

Baada ya saa mbili nikamkuta chini ya picha ya Bikira, ile ya kwenye kitambaa. Mnajua pale kuna mikanda inayotembea kama ya uwanja wa ndege, ili watu wasigande mbele ya picha? Mama anapanda huu, akifika mwisho anahamia ule wa kurudi. Kila akipita, Salamu Maria moja. Nimemshika mkono natetemeka, ananiambia, "Ngoja, nimebakiza kumi la mwisho."

SistaDuu
Mama ana akili kutushinda sote.

MtuWaMuheza
Uzi nilianzisha mimi na suruali yangu, mama kauchukua. Mpe shikamoo yangu.

NenoHai
Picha ya kitambaa mnaifungia safari? Someni Kutoka 20.

BintiKibosho
Kaka, uzi wa safari huu. Hayo peleka jukwaa la dini.

FundiSaa
Turudi kwenye mkonge. Ile mikubwa ni ndugu yake tu, utomvu wake wanagema pombe. Mkonge wetu ndio asili yake Mexico pia, upande wa Yucatán, ukaletwa Tanga 1893.

BahariaMstaafu
Ushauri: anzeni piramidi alfajiri, jua la saa sita halina adabu. Kofia na maji.

Ngosha
Mimi nasema anzeni kanisani, mkichoka mtakuwa mmeshasali. Na msikodi gari, basi la kawaida lipo kituo cha kaskazini.

SistaDuu
Mwenye mzee amfunge kamba.

BahariaMstaafu
Na zile filimbi zinazonguruma kama chui, wanaziuza kila hatua mbili, msinunue. Niliipuliza yangu sebuleni usiku, mke akahamia kwa dada yake siku tatu.