MREJESHO: Pilipili mbuzi za kwenye ndoo zimechipua baada ya masika

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza kama mipilipili yangu ya mbuzi na hoho ingeweza kuvuka masika ya hapa Tanga, au niing'oe nipande upya. Ahsanteni wote mliojibu.

Nilimfuata aliyesema pilipili si mmea wa msimu mmoja. Nikahamishia ndoo barazani, nikakata matawi yakabaki mapanda mafupi juu ya shina, majani yote nikayatoa. Maji kidogo tu, tena mpaka nichomeke kidole nikute udongo umekauka. Mama mkwe alidhani natunza kuni.

Pilipili mbuzi zimerudi vizuri mno. Mwezi wa sita zilichipua kwenye vifundo, sasa zina maua, na zimeitangulia mbali miche ya mbegu niliyosia pembeni. Hoho karibu zote zimekufa, shina lilioza kuanzia chini. Iliyobaki imedumaa.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, walivamia machipukizi. Majivu hayakusaidia kitu. Maji ya sabuni ya mche, ukipuliza chini ya majani jioni, ndiyo yaliyowamaliza. Na aliyenishauri nitoboe ndoo matundu zaidi, Mungu akubariki.