Tupeane uzoefu: Waliojenga pembezoni mwa Dar, njia ya kufika kwenu ilipatikanaje?

Habarini wakuu. Uzi huu ni wa waliojenga Goba, Kivule, Chanika, Bunju, Kitunda, Kigamboni na kwingineko pembezoni. Nauliza kuhusu njia kwa sababu nyumba kila mtu hujikakamua akaijenga, ila njia ni ya wote. Sensa ya 2012 ilitukuta Dar tuko 4,364,541. Ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Hao milioni moja na ushee wamelala wapi? Wengi tuko kwenye mashamba ya mikorosho na mihogo yaliyokatwa vipande kabla mchoro wa mipango miji haujafika.

Naanza mimi, Goba. Mzee mwenye shamba aliuza kwa hatua: anatembea mwenyewe, ishirini huku, ishirini kule, anachomeka mnyaa. Mnaandikishana serikali ya mtaa, mjumbe shahidi, basi. Njia hakuna aliyeiulizia, maana gari lilipita popote. Kuta zilipoanza kupanda, tukabaki na uchochoro wa bodaboda. Usiku mmoja jirani yetu alizidiwa akiwa mjamzito, tukambeba kwenye godoro kwenda barabarani. Kwenye kona ya kuta mbili godoro halikupita. Ikabidi tumsimamishe, watu wawili wamshike kwapani, sisi wengine tulikunje godoro. Mama na mtoto walipona, namshukuru Mungu.

Urasimishaji ulipokuja, yaani kupima na kupanga maeneo ambayo watu wameshajenga bila mpango, mpima akasema kila upande umege eneo ipatikane barabara. Vikao vilivunjika kwa kelele. Wa kwanza kubomoa ukuta wake ni mume wa yule mama, bila kungoja fidia ya mtu. Ndipo wengine wakafuata, japo mmoja mpaka leo hajabomoa, na gari la takataka linaishia kwake.

MKAZI WA KIBADA: Mkuu, mimi niko kwenye Mradi wa Viwanja 20,000, ule ulioanza 2002 ukapima Kibada, Tuangoma, Mbweni, Bunju, Buyuni na kwingine. Hapa barabara, eneo la shule na la soko vilikuwa kwenye mchoro kabla mtu hajashusha tripu ya mchanga. Bikoni zangu, zile alama za mpaka wa kiwanja, ziko palepale, ugomvi wa mpaka siujui. Kinachoniuma ni kwamba fundi aliyenijengea na mama anayetuuzia chakula hawakuweza kununua humu. Wamejenga nje kidogo ya mradi, ambako hakujapimwa. Viwanja vingine humu vimekaa vichaka miaka mingi, wenyewe wanasubiri bei. Kupima ni kuzuri sana, ila kupima viwanja vikubwa peke yake hakumalizi shida ya watu wa kipato cha chini.

MBEZI KWA ZAMANI: Mnaotafuta kando ya barabara kuu, nendeni na futi kamba. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Bondeni nako kuna mita 60 za ukingo wa mto, Sheria ya Mazingira ya 2004. Kaka yangu aliuziwa fremu na dalali aliyemwapia kuwa pako salama. Alama ya X ya kubomolewa ilipochorwa, simu ya dalali haipatikani.

MPANGAJI KITUNDA: Naomba na sisi wapangaji tusikike. Mwenye nyumba wangu ameongeza vyumba hadi ukutani kwa sababu kila wiki mtu anagonga kuulizia chumba. Dirisha langu linatazama tofali. Shimo la choo likijaa, gari la kunyonya linasimama mbali na mpira haufiki. Mvua kubwa ikinyesha kila mtu anajua kinachofunguliwa kwenye mtaro, na watoto wanacheza mlemle. Mnapokaa vikao vya kumega ardhi, nasi hatuitwi kwa kuwa hatuna kiwanja, ilhali mtaa huu wapangaji ndio wengi.

NATAFUTA KIVULE: Nimeonyeshwa 20 kwa 20, muuzaji anasema "pamesharasimishwa". Nianzie wapi?

MWANZISHA UZI: Mkuu wa Kivule, usitoe hata advansi. Omba nakala ya mchoro wa mipango miji na namba ya kiwanja, uende navyo idara ya ardhi ya halmashauri, umwone afisa mipango miji. Mwulize mambo mawili: mchoro umeidhinishwa, na hicho kiwanja kimepangiwa matumizi gani? Kuna watu wameuziwa eneo la wazi au la shule. Kisha rudi site na mpima, mzikute bikoni, na utembee kwa mguu kutoka kiwanjani hadi barabara ya gari ukiangalia kama njia ya kwenye mchoro ipo kweli ardhini. Majirani waulize ukiwa peke yako, dalali asiwepo. Mpangaji wa Kitunda, hoja yako naipeleka kwenye mkutano wa mtaa wetu mwezi huu. Wengine endeleeni, hasa wa Chanika na Bunju.