Wasifu wa baba wa familia: tupeane uzoefu wa kuuandika

Wa Mwanga, Kigoma
Ndugu zangu, wasifu mwingi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na watu watatu waliochoka. Baba aliyeishi na mkewe miaka arobaini anaagwa kwa kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa, kufariki, na "alikuwa mume mwema". Mwema kwa lipi? Mnaojua kazi hii wekeni hapa mnavyofanya.

Wa Kasulu
Usiulize "baba alikuwaje?" Utajibiwa mpole, mcha Mungu, basi. Uliza matendo. Ada ya sekondari ilitoka wapi? Mama alipojifungua, nani alipika? Mtoto akipata homa usiku, nani alimbeba na mlipita njia gani? Hapo ndipo yanatoka madumu ya mawese yaliyouzwa Januari ili watoto warudi shule, na shamba la michikichi alilompa mkewe alivune mwenyewe.

Muulize mjane, kifungua mimba na kitinda mimba, kila mmoja peke yake. Kifungua mimba alilelewa na kijana mwenye hasira na njaa ya maisha. Kitinda mimba alilelewa na mzee aliyetulia. Ni watu wawili, na wote waingie. Ukiwaweka pamoja, mkubwa atasema na wengine wataitikia.

Wa Gongoni, Tabora
Kwenye kazi na mahali ndiko makosa hujaa. Mtu wa reli aliyeanza kabla ya 1977 hakuajiriwa na TRC (Shirika la Reli Tanzania), aliajiriwa na reli ya Afrika Mashariki. TRC ilianza 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mwaka 2007 ikaja kampuni ya TRL, na jina la TRC likarudi 2017. Mzaliwa wa miaka ya hamsini, awe wa Kigoma au Tabora, alizaliwa Jimbo la Magharibi. Buhigwe, Uvinza, Kakonko na Kaliua ni wilaya tangu 2012, kwa hiyo andika "kijiji ambacho sasa kiko Wilaya ya Buhigwe". Kama familia ilihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, taja kijiji cha zamani na kipya, maana ndugu wa kule wanasikiliza.

Mwaka wa kuzaliwa ukiwa haujulikani, pima kwa Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967 au Vita vya Kagera: alikuwa ameoa? Alikuwa anachunga? Kisha andika "mnamo".

Wa Ujiji
Kwetu maziko hayasubiri, mara nyingi ni siku ileile. Yanayotangulia ni tangazo la madeni: anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia, na atajwe mtu wa kuonana naye. Wasifu mrefu uwekeni kwenye hitima au arobaini. Mtakuwa mmepata muda wa kuuliza. Mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi, basi maswali yapitie kwa dada wa marehemu au binti mkubwa, taratibu, hata kwa siku tatu. Akinyamaza, acheni.

Wa Urambo
Idadi ya watoto ndiyo huvunja misiba. Watoto wa nje wasipotajwa, mtu atasimama makaburini, au jambo litaibuka kwenye kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Orodha ipitiwe na mjane na mkubwa wa ukoo kabla ya kuchapwa. Majina ya marehemu yafuate kitambulisho chake cha taifa, herufi kwa herufi, na cheti cha kifo kifuate hivyohivyo. Jina la utani weka kwenye mabano.

Ugonjwa upewe mistari miwili tu. Orodha ya vipimo na hospitali haimsaidii mtu, na inameza nafasi ya miaka aliyokuwa mzima.

Wa Kasulu
Urefu: maneno 500, kama dakika tano kwa kusoma taratibu. Chapa kwa maandishi makubwa, saizi 14, nakala tatu. Asome mpwa au jirani mwenye sauti, asiwe mtoto wa marehemu. Awepo na wa pili mwenye nakala yake, wa kwanza akikwama aendelee palepale. Kama kuna misa, zungumza na katekista tangu jana yake, maana wengine husomesha nyumbani kabla jeneza halijatoka. Nakala moja apewe mjane siku hiyohiyo, ndani ya bahasha ngumu, isikunjwe.