Majivu ya mama: kuyatawanya msituni, kuyafukia chini ya mti, au kuotesha mche?

Kifunguamimba
Wakuu, heshima kwenu. Mama alitutoka miezi miwili iliyopita, na kwa wosia wake mwenyewe alichomwa. Majivu tumeshakabidhiwa. Yapo kabatini kwangu, kila nikitafuta shuka nakutana naye. Alichoacha amesema ni kitu kimoja tu: "msituni, si makaburini". Msituni vipi, hakufafanua.

Tupo watoto watatu na kila mmoja ana lake. Mimi nataka tuyatawanye ndani ya msitu wa hifadhi, mvua imalizie. Anayenifuata anataka yafukiwe chini ya mti mkubwa ambao tayari upo, kwenye ile misitu ya kumbukumbu inayokupa mti wako kwa mkataba. Kitindamimba anataka yachanganywe na udongo, upandwe mche, mama awe mti. Naomba mnilinganishie, hasa mliokwishapitia. Pole zenu nazipokea, lakini leo nina njaa ya uzoefu.

Mzee wa Miche
Pole hutaikwepa, mwanangu. Pole sana.

Nimekula chumvi nyingi kwenye vitalu na misitu, kwa hiyo nianze na kitindamimba. Wazo lake ndilo tamu kuliko yote, na ndiye anayeweza kulia mara ya pili. Majivu ya mtu si majivu ya kuni ya kurushia mchicha. Tanuri linapita nyuzi joto 800, kila kinachooza kinaondoka na moshi, na nitrojeni inaondoka nacho. Unachokabidhiwa ni mifupa iliyosagwa: kalsiamu na fosfeti kwa sehemu kubwa, kilo mbili hadi tatu kwa mtu mzima. pH yake inakaribia 12, ukali wa chokaa, na chumvi imejaa. Mzizi mchanga ukikutana na chumvi hiyo haunywi maji, unanyang'anywa. Fosforasi imo, ndiyo, ila imefungwa kwa namna ambayo mmea hauipati upesi.

Akishikilia mche, basi udongo na mboji viyazidi majivu mbali kabisa, mchanganyiko ukae kwanza miezi kadhaa ukinyeshewa, upimwe, ndipo apande. Na mche uwe wa asili ya msitu huohuo. Asije akapanda ua la bustani katikati ya hifadhi.

Tausi_M
Kaka, msikilize mzee. Mimi nilinunua chungu cha kuoza, kile kinachouzwa na mbegu yake ndani. Jina la muuzaji naliacha. Maelezo yalisema baba "atalisha" mti. Mbegu ilichipuka, ikatoa majani mawili, ncha zikaungua, ikanyauka. Watu wazima tulikaa kuzunguka chungu tukilia kama msiba umeingia upya. Nikaapa sitamfanyia mtu mwingine hivyo.

Mwaka uliofuata tulipanda mche mahali safi na majivu tukayafukia pembeni, hatua chache kutoka shinani. Mti upo, unanishinda urefu. Wageni wakiuliza nasema baba yupo pale, na sioni kama nadanganya.

Kipanga
Mkuu, nami nilikuwa kambi yako ya kutawanya, na bado nipo, ila kwa masharti.

Kwanza kibali. Msitu wa hifadhi una mwenyewe, hata kama humwoni. Sheria zinatofautiana: Uingereza, kwa mfano, jambo kubwa ni ruhusa ya mwenye ardhi, hifadhi za taifa za Marekani kwa kawaida hudai kibali na hukuelekeza ukae mbali na maji na mahali pa watu wengi. Usiingie kwa kunyemelea na mkoba. Siku unayomuaga mama si siku ya kujificha na mlinzi.

Pili, usimwage lundo. Lundo likinyeshewa hugandamana na kuua kila kilicho chini yake. Tawanya kama anayepanda ulezi, eneo pana, kidogokidogo. Kibinafsi nasema familia moja haiharibu msitu. Kinachoharibu ni familia mia kuupenda mti mmoja. Mwaka 2006 huko Scotland wapanda milima waliombwa wasimwage majivu kwenye vilele maarufu, kwa sababu mimea ya kule imezoea udongo maskini na fosfeti zilikuwa zinaubadilisha. Kwa hiyo usiende penye mandhari ya picha. Nenda pale ambapo hakuna mwingine angependa.

Tatu, upepo uwe mgongoni kwako. Shemeji yangu alivaa suti nyeusi na akakataa kusikia. Sisemi zaidi.

Wakili wa Vichaka
Wote mnazungumzia udongo, hakuna anayegusa karatasi. Chaguo la pili ndilo lenye mifano mirefu, tuitazame.

Japani, mwaka 1999, hekalu la Shounji mjini Ichinoseki lilianza kufukia majivu moja kwa moja ardhini na kupanda mti wa asili juu yake, huku likifufua msitu wa kijijini uliokuwa umetelekezwa. Ujerumani, kampuni ya FriedWald ilifungua msitu wake wa kwanza mwaka 2001 huko Reinhardswald, karibu na Kassel: chungu kinachooza kinafukiwa kwenye mizizi ya mti uliokwisha kukua, haki ya mti inaweza kufika miaka 99, na alama ni kibao kidogo tu. Hamna jiwe la kaburi, mishumaa wala maua ya plastiki. Anayetaka kupalilia kaburi kila Jumapili hapo hapamfai.

Sasa maswali kabla ya kutia sahihi. Ardhi ni ya nani? Ulinzi wa msitu umeandikwa kwenye hati ya ardhi yenyewe, au ni ahadi ya kampuni kwenye karatasi ya rangi? Kampuni ikifilisika, atakayenunua anafungwa na ahadi hiyo? Njia ya kufika mtabaki nayo? Mkikosa majibu kwa maandishi, mmenunua kivuli.

Kifunguamimba
Wakili, umemfurahisha anayenifuata, amesoma juu ya bega langu. Lakini mti ukianguka? Miaka 99 ni mingi, radi haina mkataba.

Mzee wa Miche
Utaanguka, mwanangu. Kwenye msitu unaotunzwa vizuri gogo linaachwa pale pale, isipokuwa kama linahatarisha wapitao. Uyoga utaingia, wadudu wataingia, mche utaota juu yake. Mwambie mdogo wako asikodi mti, akodi mahali.

Mwanakwaya
Samahani kuingilia. Mama alikuwa Mkatoliki? Mwaka 2016 Vatikani ilitoa maelekezo: kuchoma mwili kunaruhusiwa, lakini majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Mwishoni mwa 2023 ikaongeza kwamba mamlaka ya kanisa inaweza kufikiria ombi la familia la kuhifadhi sehemu ndogo mahali penye maana kwa marehemu; uamuzi ni wa kanisa. Nasema tu msije mkagombana na shangazi siku yenyewe.

Kifunguamimba
Alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, na shangazi ni wa kila siku. Asante, hilo sikuliwaza. Nitampigia kabla ya kibali.

Tausi_M
Na kitindamimba msimwache peke yake. Mwambieni habari za Profesa Wangari Maathai. Alichomwa mwaka 2011, na jeneza lake lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, ili usikatwe mti kwa ajili yake. Miti yake ilikuwa imesimama zamani, bila majivu hata chembe.

Kifunguamimba
Mrejesho, wakuu. Tumekaa usiku kucha na hivi ndivyo tulivyofika. Kutawanya nimeachia, kwa ajili ya shangazi na kwa ajili ya ile hadithi ya suti. Tutachukua mahali kwenye msitu wa kumbukumbu, iwapo tu hati itajibu maswali ya Wakili, na majivu yatafukiwa. Kitindamimba atapanda mche wake ukingoni, pale msitu ulipokatwa zamani na unaoteshwa upya, bila majivu ndani. Alinuna. Baadaye akauliza shimo la mche lina kina gani.

Mzee wa Miche
Upana wa shimo uwe mara mbili ya kiriba, ule mfuko wa mche, kina sawa na udongo wa kiriba, asizike shina. Na aje mvua zikianza, si kabla.