Perth hadi London: mbona hesabu yangu ya saa haikubali?

Wakuu, kwa ndege Perth (Australia) hadi Heathrow (uwanja wa London) ni kama km 14,500. Nikigawa kwa mwendo wa km 900 kwa saa napata saa 16 na dakika kidogo, ila tiketi inasema zaidi ya saa 17. Nakosea wapi?

Jibu 1
Hujakosea kugawa. Hiyo 900 ni mwendo ndani ya hewa, si juu ya ardhi. Pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi, nawe unaelekea huko huko. Zikikupunguzia km 50 tu kwa saa, 14,500 ÷ 850 ni saa 17 na dakika 4. Ndiyo maana kurudi Perth huwa haraka zaidi. Ongeza dakika 20 hadi 30: tiketi huhesabu tangu ndege iondoke langoni hadi isimame langoni.

Jibu 2
Pia usipime kwa rula kwenye ramani bapa, inadanganya mno. Tumia uzi kwenye tufe.

Jibu 3
Halafu angalia saa za miji. Ukiondoka 18:45 na safari ni 17:20, Perth itakuwa 12:05 kesho yake. Toa 7 majira ya joto ya Uingereza: unatua 05:05. Majira ya baridi toa 8.