Kidani cha molekuli ya kafeini, sonara kaacha mkono mmoja, nikipokee hivyo hivyo?

KakaWaKirumba:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kike anamaliza ualimu wa kemia mwezi ujao nikaona nimpe kidani cha fedha chenye umbo la molekuli ya kafeini, ile ya kwenye kahawa inayofukuza usingizi, sababu bibi yetu yuko Bukoba na ada za huyu binti tangu sekondari zimetoka kwenye mibuni yake, mpaka leo bibi akija Mwanza na meli lazima awe na kifurushi cha kahawa ya kutafuna kwenye mkoba. Basi nikaprinti mchoro nikampelekea sonara hapa mjini, kazi yake safi kwa kweli inang'aa, ila kuhesabu kwenye simu naona mchoro (pembesita na pembetano zilizoshikana) una mikono mitano, yaani vimstari vinavyotokeza nje, na kidani kina minne. Nikamuuliza akasema kale kamstari kalikuwa kametokeza peke yake pembeni akaona kanaharibu umbo. Nimeshalipa nusu. Je ni kosa kubwa au nikipokee tu? Na kitu kingine, kikigeuka nyuma mbele shingoni si inakuwa molekuli nyingine?

MwlMaabara:
Hongera kwa wazo mkuu. Usilipe iliyobaki kwanza. Mkono uliokosekana ni wa wapi, kwenye pembesita au pembetano?

KakaWaKirumba:
Pembetano mwalimu. Yenyewe sasa hivi haina mkono hata mmoja.

MwlMaabara:
Basi hicho ulichonacho ni teofilini, dawa ya pumu. Sikutanii. Kwenye michoro hii kila kona isiyoandikwa herufi ni kaboni, na kamstari kakiisha bila herufi mwishoni nako ni kaboni yenye haidrojeni zake tatu, kwa hiyo fundi hakutoa pambo, katoa kaboni nzima na haidrojeni zake. Kafeini ni C8H10N4O2, teofilini C7H8N4O2, tofauti ndo hiyo tu (haidrojeni zinapungua mbili si tatu, maana nitrojeni iliyobaki bila mkono inashika moja). Na angeukata ule ulioko katikati ya oksijeni mbili ingekuwa teobromini, ile ya kwenye kakao. Mwanafunzi wa kemia atahesabu mikono kabla hajakuambia asante.

Kukagua ni rahisi. Pembesita ina kona nne ambazo hazijashikana na pembetano, zote nne lazima ziwe na mkono, miwili ni ya oksijeni (mistari miwili miwili) na miwili ni ya mstari mmoja. Pembetano ina mkono mmoja, kwenye nitrojeni iliyo upande wa oksijeni ya jirani, usiuweke upande wa pili.

Usimlaumu sana fundi lakini. Mkemia Runge aliitoa kafeini kwenye kahawa 1819 huko Ujerumani na umbo lake likabishaniwa miaka mingi, hata mkemia Emil Fischer aliyekuja kupata Nobeli 1902 michoro yake ya mwanzo ilikosea akairekebisha baadaye.

Kugeuka shingoni usiwe na wasi, kitu ukikigeuza ni kile kile. Shida huwa ni kwenye hereni, mtu anatengeneza ya kushoto iwe kioo cha ya kulia. Kafeini ni bapa kwa hiyo hata kioo hakiibadilishi, ila adrenalini, ile homoni ya mwili ukishtuka, yenyewe ina kaboni iliyoshika vitu vinne tofauti, ile ya kwenye kioo ni kitu kingine kabisa.

FunduMakoroboi:
Mimi nafanya fedha, nishauri kidogo. Mkono unaweza kuungwa usivunje kidani, ila mwambie atumie fedha ya kuungia ile inayoyeyuka mapema kuliko kidani chenyewe, na boraksi, ule unga unaosaidia fedha ya kuungia itiririke na kushika. ASITUMIE risasi ya mafundi redio, itashika leo kesho inakatika, na siku mwingine akikipasha moto ile risasi inakula fedha inaacha vishimo. Kama ni 925, yaani fedha asilimia 92.5, basi asilimia 7.5 iliyobaki mara nyingi ni shaba, kitatoka cheusi motoni, asishtuke, ni kuchemsha kwenye maji ya ndimu halafu apolishi upya. Ukitengeneza kingine omba kikatwe kwenye bamba moja kwa msumeno mwembamba, kazi ni ndefu ila hakuna maungio.

MamaNyegezi:
Kaka yangu ncha za hiyo mikono zipigwe tupa ziwe duara, mimi nilikuwa na mkufu wa nyota uliochana blauzi mbili za kitenge na nywele za mtoto nikimbeba. Na pete za kuning'inizia ziwe mbili, juu kushoto na juu kulia, hakitageukageuka.

KakaWaKirumba:
Asanteni sana jamani, mwalimu nimeprinti upya na ule mkono nimeuzungushia kalamu nyekundu. Leo nimekaa na fundi nikamweleza kona kwa kona, kasikiliza vizuri, kakubali kuuunga bila kuongeza hela na boraksi anayo. Ameniuliza hiyo dawa ya pumu inaandikwaje maana mwanae anayo pumu, nikamwandikia nyuma ya karatasi akamuulize daktari. Nakichukua Jumamosi, na mama ncha nimemwambia.

MwlMaabara:
Hesabu mitano kabla hujatoa hela.