Kila kazi isiyo na mwenyewe hospitalini ni ya nesi. Tumechoka!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Niko wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya, jina silitaji. Juzi nait tulikuwa wawili. Saa 6 kasoro mama mmoja akabadilika, ikabidi apewe rufaa, na mgonjwa wa rufaa husindikizwa na nesi. Mwenzangu akapanda gari. Nikabaki na wenye uchungu watano, bado waliopasuliwa upande wa pili.

Anayeijua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, anajua hesabu yake: mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, hapo sijagusa presha wala kupima njia. Mara watano. Sasa weka kompyuta juu yake, maana usiku huduma na malipo ya kila mgonjwa tunaingiza sisi kwenye mfumo. Saa 8 usiku mfumo unazunguka tu, ndugu wa mgonjwa kasimama mlangoni, "Sista, kontroo namba yangu ya kulipia vipi?", huku mama wa kitanda cha 3 anaita kichwa kinakuja. Nilivua glovu mara tatu kwenda kubofya, nikavaa nyingine. Na glovu zenyewe ni za kuhesabu.

Mtoto alitoka, akalia vizuri, namshukuru Mungu. Asubuhi kwenye ripoti mnadhani niliulizwa hali ya yule mama? Niliulizwa kwa nini wagonjwa wanne huduma zao hazijaingizwa, hospitali inapoteza mapato. Nimepewa barua ya kujieleza! Karani wa mapato mwenyewe anaondoka saa 9:30 alasiri.

Msije mkaniambia manesi wa zamani hatutaki kubadilika. 2013 ulipokuja utaratibu wa mjamzito mwenye VVU kuanzishiwa dawa palepale kliniki, kazi ile ilituangukia sisi. Tulifundishwa, tukaipokea, na watoto wangapi leo wako shule hawana virusi. Jukumu la namna hiyo niletee hata kumi. Lakini kumdai mgonjwa hela nilisomea chuo gani?

Na vitabu vya MTUHA, zile rejista za takwimu za afya, bado vipo palepale. Kitabu cha 12 cha wanaojifungua kwa mkono, faili, patografu, halafu mfumo. Jina la mama mmoja naliandika mara nne. Tuliambiwa makaratasi yatapungua, haya. Mhudumu wa wodi usiku hayupo, kwa hiyo sampuli za damu maabara napeleka mimi, mtungi wa oksijeni nasukuma mimi, na mkojo ukimwagika sakafuni mnajua nani anashika dekio.

Kinachoniuma zaidi ni leseni. Siku mtoto akifa, karani analala kwake. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inanijua mimi, na mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga itawekwa patografu yangu yenye nafasi wazi kuanzia saa 8 hadi saa 9. Nani atasema nilikuwa nahangaika na kompyuta iliyoganda?

Wenzangu wa wilaya nyingine, kwenu nait nani anaingiza huduma kwenye mfumo? Kuna aliyewahi kukataa kwa maandishi asihamishwe? Na kwenye barua niambatanishe nakala ya rosta ya usiku ule au nitakuwa nachochea moto? Nimepewa siku 3, moja imeshakwenda. Naingia nait sasa hivi, nitawasoma asubuhi nikitoka.